Kabla ya Kufungua Gia Boksi

Mwenye Land Rover ya zamani akifika gereji na kusema gari lake linapiga kelele chini, mara nyingi hukumu hutoka hata injini haijazimwa: gia boksi imekwisha. Ni hukumu nzito. Kwenye Series II, IIA na III, magari yaliyotoka kiwandani kati ya 1958 na 1985, gia boksi haitolewi kwa kushushwa chini kama ilivyo kwa pikapu nyingi. Kwa kawaida hufunguliwa sakafu, kifuniko cha katikati na boksi la viti, kisha gia boksi na transfa yake hunyanyuliwa pamoja na kupitishwa mlangoni. Bolti zilizoshikana na kutu kwa miongo hukatikia humo humo. Mabamba ya alumini hupinda. Gari likirudi barabarani, kelele ni ile ile, kwa sababu ilikuwa ikitoka kwenye krosi ya propela, kipuri ambacho kingebadilishwa asubuhi moja.

Magari haya bado yana kazi. Maralal, Arusha, na pia katika vijiji vingi ambako lami haijafika, yanabeba abiria, mizigo na maji. Naamini mengi yanayoozea nyuma ya gereji hayakuuawa na barabara mbovu. Yaliuawa na matengenezo ya kubahatisha yaliyommalizia mwenyewe fedha kabla kosa halijapatikana. Ndiyo maana nakusihi usikubali kitu chochote kifunguliwe mpaka kelele iwe imehojiwa vya kutosha.

Swali la kwanza si kelele inatoka wapi. Chuma husafirisha sauti. Chasisi ya Land Rover ni chuma kitupu kutoka mbele hadi nyuma, na bodi yake ya alumini huikuza kila sauti inayoifikia. Difu ya nyuma inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kiti cha dereva. Swali la kwanza ni kelele inafuata nini. Je, inafuata mizunguko ya injini au mwendo wa gari? Inabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia? Inabadilika ukikata kona? Inabadilika ukibadilisha gia huku mwendo ukibaki ule ule? Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, gia boksi, transfa, propela, difu, hafu shafti na haabu, na kila kimoja huzunguka kwa kasi yake na hubeba mzigo kwa namna yake. Ukibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, watuhumiwa hupungua wenyewe.

Hesabu ndogo itakusaidia. Tairi la 7.50-16 hutembea karibu mita mbili na nusu kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tairi huzunguka kama mara 400 kwa dakika, yaani mara sita au saba kwa sekunde. Difu za kawaida za Series zina uwiano wa 4.7 kwa 1, kwa hiyo propela huzunguka karibu mara 1,900 kwa dakika, zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mdundo unaojirudia polepole, ambao unaweza karibu kuuhesabu kwa midomo, uko upande wa tairi, rimu, haabu au hafu shafti. Ukisikia mtetemo kwenye makalio na miguu, ulioungana bila mapigo ya kuhesabika, elekeza macho yako kwenye propela. Ule mlio mwembamba ulio juu zaidi ni wa meno ya gia yanayosagana, ama kwenye transfa, ama kwenye difu, ama kwenye gia boksi yenyewe.

Ujue pia kelele ambazo ni haki ya gari hili. Transfa ya Series haina njia ya moja kwa moja. Hata ukiwa kwenye gia ndefu, nguvu hupita kwenye meno ya gia za kati kabla ya kwenda kwenye propela, kwa hiyo kuna mvumo ambao hautaisha hata ukiweka kila kitu kipya. Kwenye Series II na IIA gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaizi. Zikikwaruza wakati wa kubadilisha, huenda dereva ndiye anayehitaji kujifunza kukanyaga klachi mara mbili. Sinkronaizi kwenye gia zote nne za mbele ilikuja na Series III mwaka 1971. Tairi zenye meno makubwa ya matope nazo huvuma juu ya lami kama difu iliyokufa. Toka kwenye lami, ingia kwenye changarawe kwa mwendo ule ule: mvumo ukipotea au ukibadilika kabisa, ulikuwa wa tairi, na huna sababu ya kufungua chochote.

Kabla ya kwenda barabarani, lala chini ya gari na bisibisi ndefu na tochi. Sukuma bomba la moshi uone kama linagusa chasisi. Angalia raba za kushikilia injini na gia boksi, maana zikilowa oili kwa miaka hulainika na kupasuka, na gia boksi yote huruka kila unapoachia klachi. Kaza yu-bolti za springi. Tikisa jeki na vyombo vyote vilivyo kwenye masanduku. Haya hayachukui muda, na yamewaokoa watu wengi kuliko stadi yoyote ya difu.

Halafu oili. Hapa nataka usiwe na haraka, kwa sababu oili ni ushahidi. Gia boksi ya Series hubeba karibu lita moja na nusu, transfa lita mbili na nusu, difu ya aina ya Rover lita 1.75, na kila kiungo cha usukani cha mbele nusu lita. Ni kiasi kidogo, na sili moja inayovuja inatosha kuacha gia kavu. Kuna jambo moja mahususi kwenye gari hili: kati ya gia boksi na transfa kuna sili, na ikichoka, oili huhama kutoka gia boksi kwenda transfa bila hata tone kuanguka chini. Ukifungua kizibo cha usawa cha transfa oili ikamwagika kwa wingi, huku gia boksi ukiikuta imepungua, umeshapata sababu ya mvumo na hujatumia spana mbili.

Kusanya oili ya zamani kwenye karai safi na uitazame juani. Uji wa kijivu kwenye kizibo ni kawaida ya chuma kinachofanya kazi. Vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuviokota kwa kucha si kawaida: ama jino limeanza kumeguka, ama beringi imeanza kubanduka uso wake. Vumbi la rangi ya dhahabu kwenye oili ya gia boksi ni shaba ya bushi au ya pete za sinkronaizi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingiwa na maji, na kwenye difu mara nyingi chanzo ni kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, ekseli ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Kisafishe hicho kwanza, kisha ndipo ubadilishe sili, la sivyo sili mpya itavuja vile vile. Ukijaza tena, tumia EP90. Kwa gia boksi tafuta iliyoandikwa GL-4, kwa sababu viambato vya baadhi ya oili za GL-5 huila shaba. Difu haina shida na GL-5.

Sasa twende barabarani. Tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na magari, na mtu wa kukaa nyuma asikilize akiwa ameketi, asisimame. Fikisha kilomita 60 kwenye gia ya nne. Kanyaga mafuta, shikilia, achia, shikilia tena. Mlio unaotokea ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, ni wa meno yanayobeba mzigo upande mmoja, na difu ndiyo mtuhumiwa mkuu. Mngurumo usiojali kama unakanyaga au unaachia, ila unapanda na kushuka na mwendo wa gari, ni wa beringi: ya pinioni, ya haabu, au ya shafti za kutokea kwenye transfa. Kwa mwendo ule ule shuka hadi gia ya tatu, kisha urudi ya nne. Jambo hili lina thamani kubwa. Kwenye gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja katikati ya gia boksi, na shafti ya chini huzunguka bila kubeba mzigo. Kelele iliyopo kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu lakini ikapungua sana kwenye ya nne inatoka kwenye shafti hiyo ya chini au beringi zake. Kelele isiyobadilika kabisa kati ya gia ya tatu na ya nne, kwa mwendo mmoja, kwa kawaida haina uhusiano na gia boksi, na mtu yeyote anayetaka kuifungua akueleze kwanza kwa nini.

Kisha kanyaga klachi, weka nyutro, acha gari litembee lenyewe huku injini ikiunguruma taratibu. Injini usiizime. Kilichobaki kusikika sasa kiko kati ya transfa na tairi.

Gari likiwa limesimama kuna kipimo kingine cha klachi. Injini ikiunguruma na gia ikiwa nyutro, sikiliza. Mngurumo unaonyamaza ukikanyaga klachi ni wa beringi ya shafti ya kuingilia au shafti ya chini. Mlio unaozaliwa pale unapokanyaga klachi ni wa beringi ya klachi yenyewe.

Ekseli ya mbele ina njia yake. Kama haabu zako ni zile za kufungua na kufunga kwa mkono, zifungue: propela ya mbele, difu ya mbele na hafu shafti zake zitasimama kabisa ukiwa kwenye magurudumu mawili. Kelele ikipotea, umelipata eneo. Kama huna haabu za namna hiyo, vyote hivyo huzunguka muda wote hata usipotumia magurudumu manne, kwa hiyo toa propela ya mbele na ujaribu tena. Mwenye haabu hizo asizisahau zikiwa zimefunguliwa kwa miezi, kwa sababu viungo vya mbele hupata oili pale tu vinapozunguka. Na kama gari linalia, linakaza na kupiga kishindo kwenye kona za lami, hakikisha kitufe cha njano cha magurudumu manne hakijabaki chini. Series haina difu ya kati. Ukiendesha magurudumu manne juu ya lami kavu, propela mbili hufungwa pamoja na hujikaza mpaka kitu kiteleze au kivunjike. Simamisha gari, vuta leva nyekundu hadi gia fupi, irudishe gia ndefu, na kitufe kitapanda. Kikigoma, rudi nyuma mita chache kulegeza mkazo.

Kile kishindo cha "ko!" unapoachia klachi au unapotoka mafuta kwenda kuachia ndicho kinachowatisha watu zaidi, na ndicho kinachohitaji utulivu zaidi. Kila kiungo njiani kina nafasi yake ndogo, na nafasi hizo hujumlishwa. Hakuna Land Rover ya umri huu isiyo na kishindo hata kidogo. Kinachotafutwa ni ile nafasi moja iliyozidi.

Kabla ya kuingia chini, tafadhali elewa hendibreki ya gari hili. Haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya transfa, kwenye propela ya nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lizunguke na gari linaweza kutembea huku hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Ukitoa propela ya nyuma, magurudumu ya nyuma hayana hendibreki tena. Weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, kwenye sakafu tambarare, na usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Gari likiwa limezuiwa hivyo, magurudumu yote chini, gia nyutro na hendibreki imeachiliwa, chora mstari wa chaki kwenye flanji ya transfa, kwenye kila uma wa krosi na kwenye flanji ya pinioni. Shika propela kwa mikono miwili, izungushe kushoto na kulia, na utazame chaki. Pale mstari mmoja unaposogea na jirani yake hausogei, nafasi iko hapo katikati. Uma mmoja ukitangulia mwingine, krosi imekwisha. Propela na flanji ya pinioni zikisogea pamoja mbali kabla ya gurudumu kukataa, nafasi iko ndani ya difu au kwenye meno ya hafu shafti na flanji ya haabu. Toa bolti sita za flanji hiyo, vuta hafu shafti nje. Gurudumu halihitaji kunyanyuliwa, kwa sababu uzito wa gari umebebwa na beringi za haabu. Angalia meno yake: yaliyolika huwa na ngazi unayoisikia kwa kucha. Kubadilisha flanji iliyolika kunaweza kupunguza kishindo kuliko mtu anavyotarajia.

Krosi hutoa ishara nyingine mapema. Kwenye mwendo wa kutembea utasikia kwi-kwi-kwi inayoongezeka haraka na mwendo, na pembeni mwa vikombe vyake utaona unga mwekundu. Ni kutu ya beringi iliyokosa grisi. Wakati huo kuipampu grisi hakutairudisha. Toa propela kwa spana ya 9/16, kwa sababu nati hizi ni za inchi. Spana ya milimita 14 haiingii na ya 15 huzunguka juu ya pembe mpaka zinakuwa duara. Kabla hujatenganisha sehemu mbili za propela, piga alama pande zote mbili, kwa sababu uma za ncha mbili lazima zirudi zikiwa kwenye mstari mmoja. Ukikosea jino, umetengeneza mtetemo mpya. Wakati wa kusukuma vikombe vipya, roli moja ndogo ikianguka na kulala chini ya kikombe, pete ya kufungia itagoma kuingia kwenye mfereji wake. Usiigonge kwa nyundo. Toa kikombe, panga roli upya kwa grisi, anza tena. Krosi iliyofungwa vizuri hugeuka kwa vidole pande zote bila kukwama.

Beringi za haabu ni rahisi zaidi. Kwenye kona ndefu uzito huhamia upande wa nje. Mngurumo ukiongezeka ukikata kushoto, anza kukagua upande wa kulia. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila haabu bila kuigusa kwanza: iliyo moto kuliko wenzake ina jambo. Nafasi ya beringi hizi inapaswa kuwa milimita 0.10 hadi 0.15, na nati zake hutaka soketi ya milimita 52. Kukaza kwa patasi na nyundo, kama inavyofanyika mara nyingi, ndiko kunakoua beringi mpya.

Kuhusu difu, nitasema kwa msisitizo. Kraunwili na pinioni ni jozi. Zilisagwa pamoja na zina namba zinazofanana. Usimruhusu mtu achukue pinioni ya difu moja na kraunwili ya nyingine, hata zikionekana nzima, maana zitalia tangu siku ya kwanza na kulika haraka. Kukaza nati ya pinioni hakuirudishi beringi iliyokwisha. Kupanga difu kwa shimu na rangi ya kupimia mguso wa meno ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Kama humpati, afadhali ununue difu nzima iliyotumika, ambayo haijafunguliwa, ukaizungusha kwa mkono na kuangalia meno yake yote. Difu ya nyuma ya aina ya Rover hutoka nzima kwa mbele baada ya kuvuta hafu shafti mbili na kutoa propela. Baadhi ya Series ndefu za 109 zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, inayotambulika kwa kifuniko chake cha nyuma kilichofungwa kwa bolti, na hiyo hutengenezwa ikiwa ndani ya ekseli. Hesabu uwiano kabla ya kulipa. Difu za Range Rover ya zamani zenye 3.54 huingia kwenye ekseli za Rover, na watu huzipenda kwa mwendo wa barabara kuu. Lakini ukiweka 3.54 nyuma na kuacha 4.7 mbele, siku utakayobonyeza kitufe cha njano utavunja kitu.

Ikiwa umepita yote haya na ushahidi bado unaelekeza mbele ya dramu ya hendibreki, anza na transfa. Gia yake ya kati huzunguka juu ya roli na shafti inayolika, na hufikiwa kwa kufungua bamba la chini bila kuitoa gia boksi. Ni baada ya hapo tu ndipo sakafu ifunguliwe. Na ikifunguliwa, badilisha kwa mkupuo mmoja kila kilichofichwa humo: beringi ya klachi, sahani ya klachi kama imepungua, sili ya nyuma ya injini kama inalowa, sili kati ya gia boksi na transfa, na raba zote. Jaza oili mpya, endesha kilomita mia chache kwa upole, kisha imwage kwenye karai safi na uitazame juani kabla ya kujaza tena.